Kutoka boda hadi motokrosi: je, ninunue YZ250F?

Swali: Asalaam aleikum fundi. Nina miaka 24, naendesha Boxer ya boda hapa Kisauni, huu ni mwaka wa nne. Nataka kuanza motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye miruko. Kuna mtu Nyali anauza Yamaha YZ250F iliyotumika, bei nafuu, na anasema haijatembea sana. Niichukue? Na nikianzia mazoezi ufuoni, kwenye mchanga, itanifaa?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa sasa usiichukue. Boxer yako ya 150 ina nguvu za farasi kama 12. YZ250F ina kama mara tatu ya hizo, kiti chake kiko karibu sentimita 97 kutoka chini, na nguvu zenyewe huchelewa kisha huja kwa mkupuo injini ikishalia sana. Mwanafunzi akishtuka hukaza mkono, na mkono ukikaza mafuta yanaongezeka badala ya kupungua. Hapo ndipo watu huvunjika.

Hilo la "haijatembea sana" nalo lisikupumbaze. Pikipiki ya mashindano haihesabiwi kwa kilomita, huhesabiwa kwa saa za injini. Oili hubadilishwa kila baada ya saa chache za kuendesha, na pistoni ni kitu cha kubadilishwa kila msimu kwa mshindani, si cha kungoja mpaka ife. Muulize muuzaji ina saa ngapi na pistoni ilibadilishwa lini. Akibabaika, umeshapata jibu.

Ikiwa moyo haukubali kuiacha, nenda na kitambaa cheupe. Mwambie akutolee eya klina. Sifongo yake inatakiwa iwe na unyevu wa oili pande zote. Ikiwa kavu na nyepesi kama sifongo ya kuoshea vyombo, vumbi lilikuwa likipita. Kisha funga kitambaa kidoleni, uingize ndani ya mdomo wa bomba linalopeleka hewa kwenye injini, ukizungushe. Kikitoka safi, endelea na mazungumzo. Kikitoka na chembe unazozisikia ukisugua vidole, ondoka. Mchanga huo umeshapita kwenye valvu, na valvu za hewa za injini hii ni za titani zenye ngozi nyembamba ngumu juu. Ngozi ikilika, valvu huzama kwenye kiti chake, yaani ukingo inaoufunga, ile nafasi ndogo iliyoachwa juu yake hupungua, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka. Kichwa cha injini kikifika hapo, gharama yake inameza ile bei nafuu yote.

Tafuta Yamaha TT-R, Honda CRF230F au Kawasaki KLX 150. Injini zake hupozwa kwa hewa, hazina papara, na zinavumilia makosa ya klachi. Hutashinda mbio nazo, lakini zitakufundisha.

Pesa itakayobaki, anza na buti za motokrosi. Kifundo cha mguu ndicho huumia mapema, kwa sababu mwanafunzi hutupa mguu chini kila akiyumba. Helmeti nunua mpya, yenye alama ya ECE au Snell, yaani imepimwa kwa viwango vya usalama. Usichukue ya mtumba hata kama inang'aa: povu la ndani likishagonga mara moja limebonyea, na kwa nje huoni kitu. Kisha miwani, kinga za magoti na ya kifua. Kwa joto letu utatamani kuvua kimoja kimoja. Fanya mazoezi alfajiri, unywe maji kabla ya kusikia kiu, lakini usivue.

Ufuoni hapana. Kuna watu na watoto, kasa hutaga mayai katika fukwe zetu, na maji ya chumvi hula beringi za magurudumu na cheni kwa kasi ya ajabu. Tena mchanga laini ni somo la baadaye: unahitaji uzito uende nyuma na mafuta yasikatwe, jambo ambalo mwanafunzi hulifanya kinyume. Tafuta shamba la murramu upande wa Mazeras au Mariakani, mkubaliane na mwenyewe, na pikipiki uipeleke kwa pikapu. Ile ya mashindano haina taa wala namba, si ya barabarani.

Miaka yako ya boda itakusaidia kwenye klachi na mizani, ila kuna mazoea ya kuacha. Umezoea kukaa na kutegemea breki ya nyuma. Huku utasimama kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi, viwiko juu, macho mbali, na breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Weka matairi mawili mabovu chini, uyazunguke kwa umbo la nane ukiwa umesimama, polepole, mpaka usiguse chini. Baadaye ujifunze kona: kaa mbele karibu na tangi, mguu wa ndani uunyooshe kuelekea gurudumu la mbele. Kuruka kuje mwisho, na kwenye mwinuko usikate mafuta ghafla, pua itadondoka.

Hukuandika uzito wako, nao una maana kubwa kwa springi ya nyuma. Ukishapata pikipiki, iinue gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka ekseli hadi alama kwenye matgadi. Kisha panda na vifaa vyote, mwenzako apime tena. Niandikie vipimo vyote viwili pamoja na aina ya pikipiki, nikwambie kama springi inakufaa.