Mdogo wako asilale rumande na watu wazima

Dada, umesema mdogo wako wa miaka 17 yuko rumande hapa Kenya, amechanganywa na watu wazima, na sasa anaogopa usiku. Iamini hofu yake. Usingoje tarehe ya kesi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inataka mtoto aliyezuiliwa atengwe na watu wazima. Chukua cheti chake cha kuzaliwa, fika kortini kesho asubuhi na umwombe karani faili itajwe mbele ya hakimu. Ukipata wakili, heri zaidi. Umri ukikadiriwa kwa macho tu, mtoto hujikuta katika seli isiyo yake.

Ukimtembelea, usimhoji askari wakiwa karibu. Muulize taratibu analala wapi, na nani.

Kama ameshaguswa, Mungu apishe mbali, dai apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Nguo alizovaa zisifuliwe, ni ushahidi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamlinda mvulana sawasawa na msichana, hata mkosaji akiwa askari. Mwambie hana kosa lolote, na umrudie kila siku ya kutembelea, waone ana watu wake.