Usimwambie mkulima kwamba pamba ya Bt haina wadudu

Nyinyi mnaoanza kazi ya ushauri wa kilimo hapa Nairobi, wakulima wengi mtawasikia kwenye simu kabla ya kuwaona shambani. Kwa hiyo chungeni maneno. Msimu wangu wa kwanza nilimwambia mama mmoja wa Kitui kwamba pamba ya Bt, ile iliyobadilishwa vinasaba ili ijikinge na funza, haisumbuliwi na wadudu. Baadaye akanipigia: "Mwanangu, mbona majani yanajikunja na yananata?" Nilipofika nikageuza jani. Upande wa chini ulijaa vidukari, na yale maji matamu wanayoyatoa yalikuwa yamedondokea majani ya chini na kuota ukungu mweusi. Alikuwa ameacha kukagua shamba kwa kuniamini mimi.

Faida ipo, tena kubwa. Mmea wenyewe hutengeneza protini iliyotokana na bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, ndiyo hiyo Bt. Funza wa vitumba, yaani anayetoboa matunda ya pamba, akiila, utumbo wake hutoboka na anakufa. Mkulima hupunguza kupiga dawa, akaokoa pesa na mapafu yake, ndiyo maana nilifurahi Kenya ilipoidhinisha pamba hii Desemba 2019. Ila protini hiyo haimdhuru kidukari wala inzi mweupe. Kaskazini mwa China, dawa ya funza ilipopungua, kunguni wa mimea waliongezeka wakawa wadudu wakuu.

Mbegu ni chotara, hununuliwa upya kila msimu. Hilo mwambieni mkulima mapema, kabla hajapanga bajeti.

Gharama inayoniuma zaidi haionekani kwenye risiti: usugu. Afrika Kusini, funza wa mabua alianza kuhimili mahindi ya Bt katika muda usiofika miaka kumi. Kinga yake ni kupanda pembeni mistari ya pamba ya kawaida, isiyo ya Bt. Nondo wanaozaliwa humo hawana usugu, na wakipandana na wale wachache sugu, usugu hauenei haraka. Sasa mwenye ekari moja ukimweleza hivyo, anasikia unamtaka alishe wadudu kwa jasho lake, na ana haki ya kukasirika. Usimpe karatasi ukaondoka. Chora mistari mchangani, uhesabu naye ni mingapi anaweza kuivumilia, na umwambie wazi kwamba vitumba vya humo vitatobolewa, asije akashtuka katikati ya msimu akaing'oa.