Nianzie wapi kuandika kuhusu filamu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Nkuhungu, Dodoma, fundi simu. Napenda filamu na tamthilia tangu utotoni na nataka nianze kuandika uchambuzi kila wiki. Nimejaribu mara mbili. Wa kwanza watu walilalamika kwamba nimewamalizia utamu. Wa pili, mwigizaji mmoja wa hapa mjini alinipigia akasema nimemharibia riziki, nimekuambatanishia nilichoandika. Nyumbani wananiambia hiyo ni kazi ya watu wa Dar. Niendelee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Endelea, tena wiki hii hii.

Nianze na hilo la Dar, maana ndilo limenigusa. Majuzi nilikuwa kwa kaka yangu, Makole, tunaangalia tamthilia moja ambayo hadithi yake iko Ugogoni. Mama mkwe anamwandalia mkwewe ugali na mlenda. Kijana anakata tonge, anachovya, anapeleka mdomoni. Hakuna uzi hata mmoja uliovutika kutoka kwenye bakuli. Wifi yangu, mzaliwa wa Mpwapwa, akasema, "Huo ni mchicha." Halafu nyuma ya nyumba, mwanangu, mnazi. Mnazi Ugogoni! Toka hapo hatukumwamini tena yule mama, hata alipolia.

Mtu wa pwani anaweza asione chochote pale. Wewe utaona. Lakini usiishie kusema wamekosea. Eleza kwamba mlenda wa kweli ungevuta, kijana angelazimika kuzungusha mkono aukate huku mkwe anamtazama, na ile haya ya kula ukweni tungeiona bila mtu kutamka neno. Badala yake wakampa maneno mengi ya kutuambia kwamba anaona haya. Ukishafika hapo umechambua.

Sasa kumaliza utamu. Kabla televisheni haijaanza Bara mwaka 1994, na miaka mingi baada ya hapo, wengi wetu filamu tulizionea kwenye vibanda vya video. Baadaye akaja Lufufu, yaani Derek Mukandala, sauti yake ikiwa juu ya picha, akitutafsiria na kutuchambulia humo humo: huyu msaliti, yule anajifanya hajui. Tulimhitaji kwa sababu lugha ya filamu hatukuielewa. Msomaji wako hana haja ya kusimuliwa kisa chote, ataiangalia mwenyewe. Chagua tukio moja tu. Liangalie mara tatu: mara moja kawaida, mara moja umezima sauti, mara moja umegeuza simu chini unasikiliza tu. Bila sauti utajua nani anaigiza na nani anasema tu maneno aliyokariri. Bila picha utasikia upepo ukipiga maiki, jenereta ya jirani, muziki uliopandishwa kufunika mazungumzo. Mimi naamini filamu zetu nyingi zinaangushwa na sauti kuliko picha, na wanaoandika hawaisemi.

Ikiwa filamu imetokana na kitabu, kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ilivyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, soma kitabu kwanza. Majina ya mwongozaji na waigizaji yanakili kutoka kwenye filamu yenyewe, usiandike ya kusikia. Na mtu akikupa hela umsifie, mrudishie.

Limebaki la mwigizaji. Nimesoma ulichoandika: "Huyu dada hajui kuigiza, bora atafute kazi nyingine." Hapo ulikosea, na ana haki ya kuumia. Lakini mistari miwili chini yake uliandika kwamba kwenye tukio la msiba analia huku macho yanaitafuta kamera. Nimeirudia sentensi hiyo mara kadhaa, ni nzuri kweli: inasema alichofanya, na ni kitu anachoweza kukirekebisha kwenye kazi yake ijayo. Mpigie wewe leo jioni. Mwombe radhi kwa lile la kutafuta kazi nyingine, na umwambie umelifuta. Lile la macho liache.