Re: Nakwama mzunguko wa 7, nifanye nini?

Jambo ndugu. Unasema kwenye mtihani wa mbio wa waamuzi wa soka, mbio 6 za mita 40 unazimaliza vizuri, ila kwenye zile za kukimbia mita 75 na kutembea 25 miguu inakufa mzunguko wa 7 kati ya 10 (mzunguko mmoja ni kukimbia na kutembea hivyo mara nne). Mimi nilikwama hapo hapo, hapa Goma.

Angalia kwanza unafika kwa sekunde ngapi. Mita 75 unapewa sekunde 15. Mimi nilikuwa nafika kwa 12, nasimama kwenye koni nahema, nikidhani najiwekea akiba. Kumbe nilikuwa namaliza nguvu za mwisho. Rekodi filimbi kwenye simu: 15 kukimbia, 18 kutembea (hicho ni kipimo cha wanaume wa kimataifa, cha daraja lako uliza kamati yenu ya waamuzi). Lenga mguu uguse mstari filimbi ikilia.

Anza na mizunguko 5, mara mbili kwa wiki, ongeza mmoja kila wiki. Na tafadhali usikimbilie kwenye mawe ya volkano! Kifundo changu cha kushoto kilivimba wiki tatu. Tafuta uwanja alfajiri, kabla timu hazijaingia.