Kila nikitaja bei ya karafuu naambiwa "Mpemba huyo"

Sheikh wangu, umeuliza umjibu vipi yule wa barazani anayekukata kwa "nyie Wapemba wote wapinzani". Kwanza usimrudishie "na nyie Waunguja". Hapo mtakuwa kaseti mbili zinazopokezana. Mkumbushe Dk. Shein ni Mpemba, na aliiongoza Zanzibar kwa tiketi ya CCM kuanzia 2010 hadi 2020. Maalim Seif naye, Mpemba pia, kabla ya kuongoza upinzani, alikuwa Waziri Kiongozi wa serikali ya CCM. Atanyamaza kidogo, angalau kikombe kimoja cha kahawa. Hapo rudi kwenye hoja yako: umeuza kilo ngapi, mchumaji umemlipa nini kwa pishi, kimebaki nini. Hayo hukuandikiwa na chama. Akikukata tena, muulize yeye angepanga bei gani.