Chunusi na jua la Kisumu: vile mi hutunza uso wangu kila siku

Kama uko na chunusi na unaishi Kisumu, ushaambiwa kila kitu. Paka dawa ya meno, paka ndimu, osha na sabuni ya kufulia, ukizaa zitaisha. Mimi zilinianza nikiwa Fom Tu zikanifuata mpaka kazini, mashavuni na kwa kidevu, na chenye kimenisaidia ni vitu vichache tu vinavyofanywa kila siku bila kuruka, so nawaandikia nyinyi wenye bado mnajificha picha zikipigwa.

Kwanza jueni chunusi si uchafu. Ngozi inatoa mafuta, seli zilizokufa zinaziba vile vitundu nywele zinatokea, bakteria wanaongezeka humo ndani, panavimba. Homoni ndizo husukuma hayo mafuta, ndio maana zinakuja ujanani na kwa wanawake wengi zinazidi hedhi ikikaribia. Kwa hivyo kusugua uso na sponji asubuhi jioni hakusaidii, unajiumiza bure.

Asubuhi naosha na sabuni laini ya uso isiyo na marashi, na vidole tu. Nikishajipangusa napaka jeli ya benzoili peroksaidi, hiyo inaua bakteria. Chukua ya 2.5%, ile ya 10% inachoma zaidi na kazi ni karibu sawa. Inatoa rangi kwa nguo, so tumia taulo na foronya nyeupe. Halafu losheni nyepesi. Mafuta ya mgando na ya nazi wacha yaende kwa miguu, na kama umesuka angalia mafuta ya nywele yasishuke kwa paji la uso, hapo ndipo wengi hutokwa na vipele vidogo vidogo na hawajui vimetoka wapi.

Mwisho sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga yake) 30 kwenda juu, na hapa nabishana na watu sana. Eti sisi weusi hatuihitaji. Shida kubwa ya ngozi yetu mara nyingi hata si chunusi yenyewe, ni lile doa jeusi linalobaki ikishapona, linaweza kukaa miezi, na jua linalikoleza. Na sisi tuko hapa karibu na ikweta, ukitembea soko la Kibuye saa saba mchana unajua jua ni nini! Ukiminya chunusi doa linazidi, tafadhali usiminye.

Usiku naosha tena, nangoja uso ukauke kabisa, napaka dawa ya kupaka inaitwa adapalini, ya 0.1%. Hii ndio inazuia vitundu visizibe. Kiasi cha punje moja ya minji kinatosha uso wote, usiipake kwa chunusi moja moja, na uanze usiku mmoja unapaka mwingine unapumzika. Wiki za kwanza ngozi itabambuka na chunusi zinaweza hata kuongezeka, na hapo ndipo watu wengi hutupa dawa, na ndio kitu kinaniuma, juu matokeo yanaonekana kuanzia wiki ya 8 hadi ya 12. Piga picha ya uso kila mwezi, mwangaza uleule, kioo cha kila asubuhi hakitakuonyesha mabadiliko. Kama uko na mimba ama unatafuta mtoto, adapalini iwache, uliza daktari.

Sasa krimu za kuchanganywa zinazouzwa bila lebo. Ndugu zangu, wacheni. Nyingi zinatiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, uso unang'aa wiki chache kila mtu anakusifu, ukiacha chunusi zinalipuka upya na ngozi imeshakuwa nyembamba. Zingine ziko na zebaki ama haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, na hizo Kenya hazikubaliwi kwa vipodozi. Afadhali uso wenye chunusi kuliko hiyo.

Kama zako ni zile kubwa za ndani zinazouma na kuacha mashimo, usingoje miezi mitatu na jeli ya duka la dawa, enda kwa daktari wa ngozi mapema kabla makovu hayajaingia. Kuna vidonge vya isotretinoini ambavyo husaidia sana hizo kali, lakini vinamdhuru mtoto aliye tumboni, so hivyo ni vya daktari tu, usinunuliwe na rafiki.