Kupima kichocho zahanati isiyo na hadubini

Mkuu, umesema umepangiwa zahanati ya kijijini huko Shinyanga, hadubini imekufa, mtu wa maabara hakuna, na watoto wanakuja wanalalamika mkojo unawauma. Unauliza uanzie wapi. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye zahanati iliyozungukwa na majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng'ombe, nikujibu nilivyozoea kufanya.

Anza na saa. Mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mtoto akifika saa 1 usimpe kopo, mwache akimbiekimbie uwanjani kwanza, umwite baadaye. Mwambie wazi unataka mkojo wa mwishomwisho, maana damu huja pale. Wasichana wakubwa waulize faragha kama wako kwenye siku zao, la sivyo kijiti cha kupimia damu kwenye mkojo kitakudanganya.

Vijiti vya mkojo vinakutosha kwa sasa. Chovya, kung'uta pembeni mwa kopo, soma kiboksi cha damu kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa, kisha funga kifuniko haraka kwa sababu unyevu unaviua. Mtoto anayeoga lambo akiwa na damu kwenye mkojo, mimi nampa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Kumrundikia antibayotiki za UTI kila mwezi ni kumpotezea muda (na hili linafanyika sana, jamani). Ila kwa watu wa ziwani, kama Ukerewe, kichocho kilichotawala ni cha tumbo. Kile unakitafuta kwenye choo kikubwa, kijiti hakitakusaidia.

Usiwasahau akina mama. Yuko yule anayerudi mara ya tatu kwa uchafu ukeni, maumivu ya chini ya kitovu, au damu baada ya tendo, na dawa za magonjwa ya zinaa hazimgusi. Muulize amekulia wapi na analima nini. Mkojo wake unaweza kuwa safi kabisa huku mayai yamenasa kwenye shingo ya kizazi. Ukimpima kwa spekulamu (kifaa cha kufungulia uke) unaweza kukuta madoa ya manjano yenye chengachenga za mchanga. Mpe prazikwanteli, mpe na rufaa akachunguzwe saratani ya shingo ya kizazi, halafu omba ruhusa yake umweleze mume kwamba huu ugonjwa umetoka majini. Nimeona ndoa zikiyumba kwa sababu hakuna aliyesema sentensi hiyo moja.

Dozi ni miligramu 40 kwa kilo, na kidonge kina 600, kwa hiyo mtoto wa kilo 30 anameza viwili. Ale kwanza, hata uji, maana tumboni inasumbua. Mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza anaruhusiwa, mwongozo wa WHO wa 2022 unasema hivyo. Dawa haiui minyoo michanga, basi mrudishe baada ya wiki kadhaa umpime tena.

Jingine: kwenye rejista andika na jina la lambo analooga. Ukiona lambo moja linajirudia, una cha kumpelekea afisa afya. Na kingatiba ya shuleni, yaani dawa wanazogawiwa wanafunzi wote, huwapita vijana wanaochunga ng'ombe. Hao mimi nilikuwa nawapata siku ya mnada, wanafika na mifugo mida ya saa 5, saa yenyewe ya kupima.